Promota hajanilipa zawadi za mashindano matatu ya pool: nisubiri, nisaini au nishtaki?

Swali: Ninacheza pool ya kulipwa kwenye mzunguko mmoja wa mashindano Marekani, ingawa mimi si raia wa huko. Promota hajanilipa zawadi zangu: Machi dola 2,400, Mei dola 4,000, Julai dola 1,600. Mpaka leo amenitumia dola 500 tu, zimebaki 7,500. Anasema mdhamini mkuu amejitoa. Sasa anataka niende kwenye mashindano ya Oktoba, kiingilio dola 500, eti watakaofika ndio watakaoanza kulipwa. Pia amenitumia karatasi nisaini, nipokee dola 3,000 na tuyamalize. Wenzangu wanataka tumwanike mtandaoni. Nifanye nini?

Jibu: Usiende Oktoba kwa pesa yako. Usisaini karatasi hiyo kama ilivyo. Na kabla wiki hii haijaisha, pata maandishi yake yeye mwenyewe yanayokiri kwamba unadai dola 7,500. Ukiyafanya hayo matatu utakuwa umejikinga na makosa yanayowaumiza wachezaji wengi zaidi.

Pole sana, ndugu yangu. Mtu amelipa nauli, amelala hotelini, amecheza mechi za saa sita usiku, akashinda, halafu anaombwa awe mvumilivu kama vile anaomba msaada. Zawadi ni deni. Kisheria, kuanzia siku uliyoshika nafasi yako, umegeuka mkopeshaji wa kampuni ile, tena mkopeshaji asiyeshika dhamana yoyote. Kila uamuzi kuanzia leo ufanye ukiwa kwenye kiti hicho cha mkopeshaji. Kiti cha mchezaji anayeogopa kukosa nafasi kwenye droo kiache pembeni.

Kwanza, hilo la mdhamini

Chukua karatasi upige hesabu. Tuseme mashindano yalikuwa na wachezaji 128, kila mmoja akalipa kiingilio cha dola 500. Dola 50 zinabaki kwa promota kwa ajili ya ukumbi na uendeshaji, 450 zinaingia kwenye mfuko wa zawadi. Hiyo ni dola 57,600 zilizokusanywa kutoka mifukoni mwenu kabla mpira wa kwanza haujapigwa. Juu yake promota akatangaza nyongeza ya dola 40,000 kutoka kwa wadhamini. Jumla ya zawadi kwenye bango: dola 97,600.

Mdhamini akijitoa, kinachopotea ni zile 40,000 tu. Zile 57,600 zilikuwa mkononi, sawa na asilimia 59 ya zawadi zote. Kwa hiyo hata mdhamini asipotoa senti, nawe ukapunguziwa kwa kiwango kilekile na wenzako, kwenye zawadi zako za dola 8,000 ungekuwa umeshapokea kama dola 4,720. Umepokea 500. Pengo la dola 4,220 halielezwi na mdhamini hata kidogo. Weka namba halisi za mashindano yako matatu (idadi ya wachezaji, kiingilio, makato, nyongeza iliyotangazwa) uone pengo lako linatoka vipi.

Pesa hiyo mara nyingi haijaibwa kwa maana ya kubebwa kwenye begi. Imelipa madeni ya mashindano yaliyotangulia, amana ya hoteli, watu wa kamera, waamuzi, nauli ya meza. Viingilio vya Machi vililipa washindi wa Januari, vya Mei vikalipa baadhi ya washindi wa Machi, na kadhalika. Promota anayeendesha hivi huenda kweli anaamini kwamba mashindano yajayo yatamtoa shimoni. Lakini ukiona kiingilio kinapanda, droo inapanuliwa kutoka 64 hadi 128, mashindano yanasogezwa karibu karibu na viingilio vinadaiwa miezi miwili mapema, ujue pesa mpya inatafutwa ili izibe tundu la zamani. Waamuzi na watu wa matangazo ya mubashara hujua mapema kuliko wachezaji, kwa sababu wao hukosa malipo yao kwanza. Waulize.

Usitulizwe pia na mwenzako anayesema, "Mbona mimi nimelipwa?" Promota aliyebanwa huwalipa wale anaowahitaji kwenye bango na wale wenye zawadi ndogo za dola mia mbili tatu, maana hao ni wengi na kelele zao ni za bei nafuu kuzizima. Wa katikati kama wewe, wanaodai elfu mbili hadi elfu tano, ndio wanaosubirishwa.

Na jina kubwa si kinga. Mwaka 2005 Kevin Trudeau, mfanyabiashara wa matangazo ya televisheni Marekani, alianzisha International Pool Tour. Septemba 2006, mjini Reno, Nevada, mzunguko huo uliandaa World Open ya eight-ball yenye zawadi za jumla ya dola milioni 3. Efren Reyes wa Ufilipino alimshinda Rodney Morris kwenye fainali, zawadi ya bingwa ikiwa dola 500,000, kiasi ambacho mchezo wa pool ulikuwa haujawahi kukiona. Baada ya mashindano wachezaji wakaambiwa pesa haipo, watalipwa kwa mafungu. Bingwa na aliyetolewa mapema walijikuta kwenye foleni moja, wote bila dhamana. Jambo la kujifunza hapo ni dogo na la kiutendaji: mwaka 2004, kabla mzunguko huo haujaanza, Trudeau alikuwa tayari amefikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, yaliyomzuia kuuza bidhaa nyingi kupitia matangazo yake ya televisheni. Habari hiyo ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeitafuta. Kutafuta jina la promota na la kampuni yake kwenye kumbukumbu za mahakama kunachukua nusu saa. Fanya hivyo leo; ukikuta kesi tatu za hoteli zinazomdai, umepata picha ya foleni uliyomo.

Oktoba

Piga hesabu ya safari: kiingilio 500, ndege tuseme 380, hoteli usiku nne kwa 110 ni 440, chakula na usafiri 160. Jumla dola 1,480. Hizo ni pesa taslimu unazitoa ili upate nafasi ya kushinda ahadi nyingine kutoka kwa mtu yuleyule.

Kauli ya "watakaofika ndio watakaoanza kulipwa" inaeleza yenyewe pesa ya kukulipa itatoka wapi: kwenye viingilio vya watakaofika. Ukilipwa hivyo, umelipwa kwa zawadi ya mwenzako atakayeshinda Oktoba.

Kuna masharti mawili ambayo yakitimizwa yote, safari inaweza kuwa na maana. La kwanza, sehemu kubwa ya deni iingie kwenye akaunti yako kabla ya droo kupangwa, si "siku ya fainali". La pili, viingilio vya Oktoba vishikwe na mtu mwingine: kasino au hoteli mwenyeji, wakili mwenye akaunti ya amana, au shirikisho linalotoa kibali cha mashindano. Muulize huyo mwingine moja kwa moja, kwa baruapepe: "Je, mnashika pesa za zawadi za mashindano haya, na ni nyinyi mtakaolipa?" Jibu la promota kwa niaba yao halitoshi. Nembo ya kasino kwenye bango haina maana kwamba kasino imedhamini zawadi. Mara nyingi imetoa ukumbi na vyumba tu.

Utasikia pia pendekezo la kukatiwa kiingilio kwenye deni: usilipe 500, deni lishuke hadi 7,000. Linaonekana zuri kwa sababu hutoi pesa mpya. Lakini fikiria wachezaji 20 wamefanyiwa hivyo: dola 9,000 za mfuko wa zawadi ni karatasi tupu, na ukishinda unashinda karatasi. Bado nauli na hoteli ni zako. Likubali pale tu ambapo zawadi zote zimeshawekwa kwa mtu wa tatu, na makato yawe kwa maandishi yanayotaja salio jipya.

Maandishi ya wiki hii

Mtumie ujumbe mfupi, wa heshima, usio na tishio lolote. Maneno yake yawe hivi:

"Habari za leo. Kwa kumbukumbu zangu naidai kampuni dola 2,400 za Machi, 4,000 za Mei na 1,600 za Julai, jumla 8,000. Nimepokea 500, salio ni 7,500. Naomba unithibitishie salio hilo na tarehe unayotarajia kulipa, kabla ya Ijumaa jioni."

Mtu anayetaka kuendelea kuelewana nawe atajibu, "Ndiyo, najua, nivumilie hadi mwisho wa mwezi." Sentensi hiyo moja ina thamani kuliko kurasa kumi za malalamiko, kwa sababu amekubali kiasi na amekubali kwamba kinadaiwa. Ukianza na vitisho vya wakili hatajibu kabisa, au atajibu kwa kupinga namba zako. Akikupigia simu badala ya kuandika, mkimaliza mwandikie: "Asante kwa mazungumzo ya leo, nimeelewa kwamba salio la 7,500 utalilipa kufikia tarehe fulani." Usimrekodi kwa siri. Katika majimbo kama California na Florida, kurekodi maongezi ya faragha ya simu bila ridhaa ya kila anayezungumza ni kosa, na utamgeuza yeye kuwa mlalamikaji.

Sambamba na hilo, kusanya ushahidi. Jedwali la zawadi lililotangazwa kabla ya kila mashindano lihifadhi likiwa na tarehe na anwani ya tovuti ikionekana, kwa sababu tovuti za promota aliyeishiwa hupotea siku ada yake isipolipwa. Matokeo ya droo yanayoonyesha nafasi yako. Risiti za viingilio. Fomu ya ushiriki uliyosaini au kubonyeza: isome yote, hasa maneno kama "zawadi zitategemea idadi ya washiriki" na kifungu kinachosema mgogoro utaamuliwa wapi, au kwamba utapelekwa kwa msuluhishi badala ya mahakama.

Usiitupe stakabadhi ya zile dola 500. Angalia nani hasa aliyetuma, na kutoka benki gani. Jina la mtumaji linakuonyesha kampuni inayoshika pesa, ambayo wakati mwingine si ile iliyoandikwa kwenye bango. Na siku ukipata hukumu, kujua benki ya mdaiwa ndiyo tofauti kati ya karatasi ya kutundika ukutani na pesa.

Unamdai nani?

Hili huwaponza wengi. Jina la mzunguko kwenye bango huwa ni jina la biashara tu. Nyuma yake kuna kampuni ya dhima yenye kikomo, na mmiliki wake hawajibiki kwa madeni yake kwa mali zake binafsi, isipokuwa amesaini mwenyewe kwamba anawajibika au kuna udanganyifu unaothibitika. Ingia kwenye daftari la msajili wa makampuni la jimbo husika, liko wazi mtandaoni. Tafuta jina kamili, kama kampuni bado hai, na jina la wakala aliyesajiliwa kupokea hati za mahakama. Ukimshtaki mtu asiye sahihi, kesi inaanguka na miezi imepotea.

Humo humo, au kwenye ofisi hiyohiyo, unaweza kuangalia kama kuna mkopeshaji aliyejiandikisha kushika mali za kampuni kama dhamana. Akiwepo, huyo anachukua kwanza. Na usidhani meza zile ukumbini ni za promota. Kwa kawaida ni za kampuni ya meza inayozileta na kuziuza baada ya mashindano.

Ile karatasi ya dola 3,000

Dola 3,000 ni asilimia 40 ya unachodai. Wenzako watakuambia ni matusi. Haiwi matusi moja kwa moja. Kama kampuni haina kitu na inaelekea kufilisika, wadai wasio na dhamana hupata kidogo sana, mara nyingi hawapati chochote, na 3,000 iliyokwisha kuingia benki ni kubwa kuliko hukumu ya 7,500 dhidi ya kampuni tupu. Ubaya wa karatasi za namna hii huwa kwenye maneno yake zaidi ya kiasi chake.

Angalia kwanza wakati. Nyingi zinaandikwa hivi: "Kwa saini hii mchezaji anaachilia madai yote, kampuni italipa dola 3,000 ndani ya siku 30." Ukisaini leo, deni la 7,500 limekufa leo, na siku ya 31 unadai 3,000 kutoka kwa mtu yuleyule aliyeshindwa kukulipa. Igeuzwe: madai yanaachiliwa pale tu pesa zote zitakapokuwa zimeingia kwenye akaunti yako, na zisipoingia kufikia tarehe iliyotajwa, deni lote la 7,500 linabaki palepale. Uhamisho wa benki ndio salama. Hundi ya kampuni iliyobanwa hurudi.

Kisha angalia upana. "Madai yote ya aina yoyote" inaweza kumeza hata kile ambacho hujakifikiria. Iandikwe mashindano matatu kwa majina na tarehe. Futa sharti la kucheza Oktoba, na futa sharti la kutozungumza na wadai wenzako. Ongeza sentensi kwamba ikiwa mahakama ya ufilisi itakutaka urudishe malipo hayo, deni lako linafufuka. Nitaeleza kwa nini hapo chini. Uliza pia kama 3,000 ni kabla au baada ya kodi. Kwa mchezaji asiye mkaazi wa Marekani, zawadi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 30 isipokuwa mkataba wa kodi na nchi yako unasema vingine. Ikiwa ni kabla ya makato, kitakachokufikia ni dola 2,100.

Mwambie: dola 3,000 sasa, na 2,250 nyingine ndani ya siku 60, jumla 5,250, sawa na asilimia 70. Akisema hana uwezo, akuonyeshe orodha ya madeni yake yote na kile kilichopo benki. Asiyetaka kuonyesha orodha hajafikia hatua ya kuomba msamaha wa asilimia 60.

Na kama anachotaka hasa ni muda, mpe muda kwa bei. Mkataba wa ukurasa mmoja: kampuni inakiri deni la 7,500, italipa 1,875 mara nne, tarehe ya kwanza ya kila mwezi, fungu moja likichelewa zaidi ya siku tano, salio lote linadaiwa siku hiyo, na promota anasaini mara mbili, mara moja kwa niaba ya kampuni na mara ya pili kwa jina lake binafsi kama mdhamini wa deni. Saini ya pili ndiyo yenye uzito wote. Promota anayeamini maneno yake kuhusu Oktoba hana sababu ya kuikwepa.

Tahadhari moja ndogo: ikija hundi ya kiasi pungufu iliyoandikwa "malipo kamili", usiiweke benki kabla ya kuuliza. Katika majimbo mengi ya Marekani, kuipokea hundi ya namna hiyo kwenye deni lenye mabishano kunaweza kuhesabiwa kuwa umekubali yaishe.

Mahakama

Huhitaji kuwa raia wa Marekani ili kudai huko. Kwa kiasi chako, mlango ni mahakama ya madai madogo, ambako mtu hujitetea mwenyewe bila wakili. Viwango hutofautiana: California mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500, Texas hadi 20,000, Nevada hadi 10,000, Florida hadi 8,000. California ada ya kufungua ni kati ya dola 30 na 75 kwa mdai wa kawaida. Unafungua mahali kampuni ilipo au mahali mashindano yalipofanyika, kutegemea sheria ya jimbo na kile fomu ya ushiriki inachosema. Uliza karani kama unaweza kuhudhuria kwa video ikiwa utakuwa nje ya nchi.

Kabla ya kufungua, tuma barua ya madai: kiasi, mashindano, ushahidi kwa kifupi, siku 14 za kulipa, na kwamba baada ya hapo utafungua shauri. Usiandike kwamba asipolipa utampeleka polisi. Kumtishia mtu kwa jinai ili akulipe kunaweza kuwa kosa lenyewe.

Ukomo wa muda upo. New York mkataba wa maandishi unadaiwa ndani ya miaka 6, California miaka 4, lakini makubaliano ya mdomo California ni miaka 2 tu. Una nafasi, ila fedha za promota hazitakusubiri muda huo. Wa kwanza kupata hukumu na kuipeleka benki huchukua kilichopo.

Akifilisika

Siku kampuni ikifungua shauri la ufilisi, ukusanyaji wote unasimama kwa amri ya sheria: simu za kudai, kesi, utekelezaji wa hukumu. Ukiendelea kumsumbua unaweza kuadhibiwa. Unachofanya ni kujaza fomu ya uthibitisho wa deni, namba 410, na kuiwasilisha mahakama ya ufilisi bila malipo. Katika ufilisi wa kufunga biashara ulioombwa na kampuni yenyewe, muda kwa kawaida ni siku 70 tangu kufunguliwa. Wakati mwingine notisi husema hakuna mali na usiwasilishe kwanza. Isome, na hakikisha anwani yako ni sahihi kwenye orodha ya wadai, maana notisi iliyokwenda hotelini ulikolala Mei haikusaidii.

Foleni huwa hivi kwa jumla: wenye dhamana, gharama za ufilisi, mishahara ya waajiriwa hadi kiwango fulani, kodi, halafu wengine. Wachezaji si waajiriwa, kwa hiyo zawadi yako iko kwenye "wengine".

Na yale malipo uliyopata ndani ya siku 90 kabla ya ufilisi, msimamizi wa ufilisi anaweza kutaka yarudishwe ili yagawanywe kwa wote, ingawa malipo yasiyofikia kiwango kilichowekwa na sheria hayarudishwi. Ndiyo sababu ya ile sentensi ya kufufua deni. Lakini usikatae pesa leo kwa hofu hiyo. Pokea, weka kumbukumbu.

Kuhusu wenzako

Kaeni pamoja, ila kwanza tengenezeni jedwali: jina, mashindano, nafasi, zawadi, kilicholipwa, salio, ushahidi upo au haupo. Mtu mmoja aongee na promota kwa niaba ya wote. Jedwali la wachezaji 25 wanaodai jumla ya dola 110,000 linabadilisha mazungumzo, na linawafunga wasilipwe kwa kupendelewa. Pia linafungua mlango ambao promota anaujua: wadai watatu wenye madeni yasiyo na ubishi yanayofikia jumla ya dola 21,050 wanaweza kuomba mahakama iitangaze kampuni mufilisi. Ni silaha nzito. Ikitumiwa kwa nia mbaya au kwa deni lenye ubishi, mahakama inaweza kuwatoza nyinyi gharama, kwa hiyo hapo lazima wakili awepo. Wakili awepo pia kabla ya kutangaza mgomo wa pamoja dhidi ya mzunguko. Kwa kuwa nyinyi ni wafanyabiashara binafsi, kukubaliana kususia kunaweza kugusa sheria za ushindani. Kila mmoja kuamua mwenyewe kutokwenda Oktoba hakuna tatizo.

Mtandaoni, semeni yale yanayothibitika na hayo tu: "Nilishika nafasi hii tarehe hii, zawadi iliyotangazwa ni hii, mpaka leo nimelipwa kiasi hiki." Neno "mwizi" au "tapeli" litampa promota kesi ya kashfa na sababu ya kutozungumza nanyi. Msitangaze pia katikati ya mazungumzo ya malipo. Subirini tarehe aliyoahidi ipite, na ahadi yake ya maandishi iwe mkononi.

Jambo la mwisho ni la kodi. Kwa malipo ya mchezaji wa kigeni, promota hutakiwa kutoa fomu 1042-S kufikia 15 Machi ya mwaka unaofuata, ikionyesha alichokulipa na alichokata. Linganisha na stakabadhi zako. Ikionyesha dola 8,000 wakati umepokea 500, mwandikie siku hiyohiyo airekebishe, na nakala ya fomu yenye makosa usiitupe: yeye mwenyewe ameandika, kwa mamlaka ya kodi, kwamba dola 8,000 zilikuwa zako.